Kontena Lililozimika kwenye Picha Mbili: Uchambuzi wa Kisa cha Timu Moja katika Shindano la Algoriti za Picha za Kitabibu

Usuli

Kisa hiki kinahusu timu ya watu watano iliyoshiriki shindano la kimataifa la algoriti za kubaini uvimbe wa ini katika picha za CT, yaani picha za eksirei zinazoonyesha mwili kipande kwa kipande. Majina ya washiriki, ya shindano lenyewe na ya hospitali inayotajwa humu yameondolewa, na tarakimu chache ambazo zingeweza kumtambulisha mtu zimebadilishwa bila kugusa mantiki ya yaliyotokea. Mwandishi alikuwa mratibu wa timu hiyo, kwa hiyo maamuzi yanayochambuliwa hapa, yaliyofaa na yaliyoharibu, mengi yalipita mikononi mwake.

Timu ilikuwa na wahandisi wawili wa programu, mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamili, daktari bingwa wa radiolojia na mratibu. Kazi tuliyopewa ilikuwa rahisi kuieleza na ngumu kuitenda: kwa kila vokseli ya picha, yaani kila kijichemraba kidogo kinachounda picha ya pande tatu, algoriti iamue kama hapo ni ini, ni uvimbe ndani ya ini, au ni sehemu nyingine ya mwili.

Mashindano ya namna hii hayakuanza jana. Mwaka 2007, katika MICCAI, mkutano wa kimataifa wa uchakataji wa picha za kitabibu kwa kompyuta, uliofanyika Brisbane, Australia, watafiti walikabidhiwa picha zilezile za ini na kutakiwa kuchora mipaka yake kwa algoriti zao, ili kazi zao zilinganishwe kwa kipimo kimoja badala ya kila mtu kujipima kwa data yake mwenyewe. Baadaye yakaja ya uvimbe wa ubongo, BraTS, kuanzia mwaka 2012. Ya vinundu vya mapafu, LUNA16, yaliyotumia picha 888 za CT. Na ya uvimbe wa ini, LiTS, mwaka 2017, yaliyokuwa na picha 131 za kufundishia na 70 za kupimia. Katika mengi ya miaka hiyo mshiriki alipakua picha za kupimia, akaziendesha kwenye kompyuta yake, kisha akatuma majibu. Utaratibu huo uliacha mianya miwili. Mtu angeweza kurekebisha majibu kwa mkono kabla ya kuyatuma, na hospitali nyingi hazikuwa tayari kuona picha za wagonjwa wao zikisambazwa kwa kila aliyejiandikisha.

Docker, zana ya kufunga programu pamoja na vyote inavyohitaji katika kifurushi kimoja kiitwacho kontena, ilipotoka mwaka 2013, njia nyingine ilifunguka. Mshiriki hufunga programu yake, maktaba zake na vigezo vya modeli, yaani namba ambazo modeli imejifunza kutokana na data, ndani ya kontena. Waandaaji huliendesha kontena hilo kwenye seva yao. Na picha za kupimia hazimfikii mshiriki hata mara moja. Shindano letu lilikuwa la aina hii, na karibu kila kilichotupata kilitokana na tofauti hiyo moja: kilichopimwa kilikuwa kontena tulilolikabidhi, wala hakuna aliyeijali modeli iliyokuwa ikifanya vizuri mezani kwetu.

Kanuni zilizotugusa

Hati ya kanuni ilikuwa ndefu na iliyoandikwa kwa uangalifu. Sitaieleza yote; sehemu zilizoamua hatima yetu zilikuwa nne.

Ya kwanza ilihusu data ya nje. Kila timu iliruhusiwa kutumia data au vigezo vilivyokwisha kufundishwa mahali pengine, mradi viwe vinapatikana hadharani kwa mtu yeyote kabla ya tarehe ya kufunguliwa kwa shindano, na vitajwe katika maelezo ya mbinu. Ya pili ilihusu awamu. Kulikuwa na awamu ya mazoezi yenye picha tatu tu, iliyokusudiwa kuthibitisha kwamba kontena linafanya kazi. Awamu ya awali, ambapo timu iliruhusiwa kuwasilisha mara mbili kwa wiki na kuona alama zake kwenye ubao wa matokeo. Na awamu ya mwisho yenye picha 80, ambapo kila timu iliwasilisha mara moja tu.

Ya tatu ilihusu mazingira ya kuendeshea. Kontena lingeendeshwa bila mtandao, kwa mtumiaji asiye na mamlaka ya msimamizi, likiwa na GPU (kichakato cha michoro kinachoharakisha hesabu za modeli) moja na kumbukumbu kuu ya gigabaiti 16, na lingepewa dakika kumi kwa kila picha. Picha ingewekwa katika folda ya kuingizia, na jibu lilipaswa kukutwa katika folda ya kutolea likiwa na vipimo, nafasi na mwelekeo uleule wa picha ya asili.

Ya nne ilihusu upangaji wa washindi. Vipimo vilikuwa viwili. Kimoja ni mgawo wa Dice, uliopewa jina la Lee Dice aliyeueleza mwaka 1945, unaopima jinsi eneo lililochorwa na algoriti linavyolingana na lililochorwa na madaktari: 0 ikiwa hayagusani kabisa, 1 ikiwa yanalingana kikamilifu. Kingine ni umbali wa Hausdorff, unaopima kwa milimita jinsi mpaka mmoja ulivyopotoka kutoka kwa mwingine. Timu zingepangwa kwa wastani wa kila kipimo katika picha zote. Katika aya ya mwisho ya sehemu hiyo kulikuwa na sentensi moja niliyoisoma mara nyingi bila kuipa uzito wake: picha ambayo kontena litashindwa kuitolea jibu itahesabiwa Dice ya sifuri na umbali sawa na ulalo mzima wa picha, yaani kutoka kona moja hadi kona iliyo mkabala nayo.

Mfuatano wa matukio

Wiki tatu za mwanzo zilikwenda kwenye kufundisha modeli. Tulitumia picha za waandaaji pamoja na data za wazi za ini, tukagawanya picha katika mafungu matano, na kufundisha modeli tano ambazo kila moja iliacha fungu moja nje kwa ajili ya kujipima. Mwishoni wastani wa majibu ya modeli hizo tano ndio ungekuwa jibu letu. Mbinu hii ni ya kawaida katika mashindano haya, na inasaidia kwa sababu modeli moja ikikosea mahali fulani, mara nyingi nne nyingine hurudisha jibu kwenye mstari.

Katika awamu ya mazoezi kontena letu la kwanza halikutoa jibu lolote. Logi ilionyesha kwamba mojawapo ya maktaba, ilipokuwa ikijipakia, ilijaribu kupakua vigezo vyake kutoka intaneti, ikasubiri, kisha ikakata tamaa. Kwenye kompyuta zetu jambo hili halikuonekana kwa sababu faili hilo lilikwisha kupakuliwa siku nyingi na lilikuwa limehifadhiwa pembeni. Tulilifunga faili ndani ya kontena na kuwasilisha tena. Safari hii maktaba nyingine ilitaka kuandika faili za muda katika folda ya nyumbani ya mtumiaji, ikanyimwa ruhusa. Tangu siku hiyo tuliamua kwamba hakuna kontena litakalotoka mikononi mwetu bila kuendeshwa kwanza likiwa limezimiwa mtandao na kuvuliwa mamlaka, jinsi litakavyokuwa kule liendako.

Kontena la tatu lilimaliza kazi bila kosa, na alama iliyorudi kwa picha moja kati ya tatu ilikuwa Dice ya 0.03. Wahandisi walianza kutafuta tatizo ndani ya modeli. Daktari wetu alifanya jambo la busara zaidi: aliomba tuendeshe kontena hilohilo kwenye picha ya kufundishia iliyohifadhiwa kwa umbo sawa na ile iliyofeli, kisha akaifungua na kulaza mchoro wetu juu yake. Alinyamaza kidogo, akasema, "Mmelihamishia ini upande wa wengu." Mchoro wenyewe ulikuwa mzuri, kingo zake zikifuata umbo la ini barabara, ila ulikuwa umegeuzwa, kushoto kukawa kulia na mbele kukawa nyuma. Chanzo kilikuwa tofauti ya mikataba ya mwelekeo kati ya NIfTI na DICOM, miundo miwili ya kuhifadhi picha za kitabibu: faili za NIfTI huhesabu mhimili wa kwanza kuelekea kulia kwa mgonjwa na wa pili kuelekea mbele, ilhali DICOM huhesabu kuelekea kushoto na kuelekea nyuma. Picha mbili kati ya tatu zilipita kwa sababu ya jinsi zilivyokuwa zimehifadhiwa. Ya tatu ilifichua kwamba programu yetu ilikuwa ikitupa taarifa za mwelekeo inaposoma na kuzibuni upya inapoandika. Tulirekebisha kwa kunakili taarifa hizo moja kwa moja kutoka faili la kuingizia hadi la kutolea.

Awamu ya awali ilipofunguliwa tulishika nafasi ya tatu kwenye ubao, na furaha ilikuwa kubwa. Ndipo, siku kumi na mbili kabla ya tarehe ya mwisho, nilipokuwa nikiandika maelezo ya mbinu, nilimuuliza mhandisi mmoja vigezo vya kuanzia vya modeli zetu vilitoka wapi. Alijibu bila kuficha lolote kwamba alivifundisha mwaka uliotangulia, katika mradi mwingine, kwa picha za hospitali aliyoshirikiana nayo. Picha hizo zilikuwa zimeondolewa majina na matumizi yake yalikuwa na kibali cha kamati ya maadili ya utafiti. Hazikuwa za wazi kwa umma.

Siku tisa kabla ya tarehe ya mwisho tulianza kufundisha upya kutoka mwanzo. Siku mbili kabla, modeli ya tano ilimaliza. Siku ya mwisho, saa sita kabla ya dirisha kufungwa, tuliwasilisha kontena la awamu ya mwisho.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi mzito kuliko yote ulihusu vigezo vile vya hospitali. Ndani ya timu kulikuwa na hoja mbili za kweli. Mhandisi alisema kwamba kanuni inazungumzia data, na vigezo si data. Picha zenyewe hazimo ndani ya kontena na hakuna mgonjwa atakayeonekana. Daktari alisema kwamba kama timu nyingine haiwezi kupata kile tulichokipata, basi ubao wa matokeo utakuwa unalinganisha upatikanaji wa picha, na shindano liliitishwa ili kulinganisha algoriti. Mimi nilielemea upande wa daktari, lakini sikutaka timu iamue kwa kura jambo ambalo waandaaji ndio wenye haki ya kulitafsiri. Tuliwaandikia barua fupi yenye maelezo kamili, bila kujaribu kuwaelekeza kwenye jibu tulilolipenda.

Jibu lilikuja baada ya siku mbili na lilikuwa wazi: vigezo hubeba data iliyovifundisha, na kwa hiyo ama viwekwe hadharani kwa washiriki wote au visitumike. Hospitali haikuweza kuruhusu viwekwe hadharani, kwa kuwa kibali cha kamati hakikufika huko. Tuliviacha. Katika kujipima kwetu wenyewe, kuviacha kulitugharimu takribani 0.015 ya Dice ya uvimbe, tofauti ambayo juu ya ubao ule iliweza kumshusha mtu nafasi kadhaa.

Tulikwenda hatua moja mbele. Mawasilisho yetu mawili ya awamu ya awali yalikuwa yametumia vigezo hivyo, na bado yalikuwa yanang'aa kwenye ubao katika nafasi ya tatu. Hakuna aliyetuuliza juu yake. Tuliwaomba waandaaji wayaondoe, tukieleza sababu. Waliyaondoa bila adhabu. Mwanafunzi wetu, aliyekuwa amewaonyesha wenzake nafasi ile kwa fahari, alilipokea kwa uzito, na ninaeleza hili kwa sababu gharama ya kufuata kanuni mara nyingi huangukia mtu ambaye hakuivunja.

Uamuzi wa pili ulikuwa mwepesi. Mwanafunzi huyohuyo alipendekeza kwamba rafiki zake wajiandikishe kama timu tofauti ili tupate nafasi zaidi za kujaribu kila wiki. Tulikataa siku hiyohiyo. Mwaka 2015, katika ImageNet, shindano la kompyuta kutambua vitu katika picha, timu moja ilibainika kuwa imetumia akaunti nyingi kuwasilisha zaidi ya mara 200 wakati kanuni iliruhusu mara mbili kwa wiki, nayo ikafungiwa kwa mwaka mzima. Sababu ya kikomo hicho si ukali wa waandaaji. Kila alama inayorudi kutoka kwenye data ya siri huvujisha kidogo juu ya data hiyo, na anayeuliza mara mia mbili huishia kuikariri bila kuiona.

Uamuzi wa tatu ndio uliotuangusha, na tuliufanya bila kujua kwamba ni uamuzi. Tulikuwa na chaguo la kuwasilisha modeli moja au wastani wa modeli tano. Tano zilitupa faida ndogo lakini ya uhakika, karibu 0.01 ya Dice. Tulipima muda: picha ya kawaida ilichukua kama dakika tatu, na ndefu kuliko zote tulizokuwa nazo, yenye vipande karibu 700, ilichukua dakika saba. Dakika kumi zilitosha. Tukafunga kontena.

Hatukupima kilele cha matumizi ya kumbukumbu kuu.

Matokeo

Katika picha 80 za awamu ya mwisho kontena letu lilijibu 78. Kwa mbili zilizobaki lilizimwa na mfumo, likaacha nambari ya kutokea 137, ambayo humaanisha kwamba programu iliuawa kwa nguvu kutoka nje, na mara nyingi sana muuaji huwa ni mfumo endeshi unaojihami dhidi ya kumalizika kwa kumbukumbu. Tulimaliza katika nafasi ya kumi na moja. Waandaaji, kwa hisani, walitufahamisha baada ya matokeo kutangazwa kwamba picha zote mbili zilikuwa na vipande zaidi ya 1,000.

Shindano lilipofungwa, waandaaji walifungua awamu ya baadaye kwa ajili ya utafiti, isiyobadilisha jedwali rasmi. Tulirekebisha kasoro kwa mistari michache ya programu, tukawasilisha, na picha zote 80 zikajibiwa. Kwa alama hizo tungekuwa wa sita.

Uchambuzi

Hesabu ya kilichotokea inafaa kufanywa polepole, kwa sababu ingeweza kufanywa mapema kwa kalamu na karatasi. Kipande kimoja cha CT kina pikseli 512 kwa 512. Picha ya vipande 1,000 ina vokseli takribani milioni 262. Kwa kila vokseli modeli hutoa uwezekano wa aina tatu, ini, uvimbe na vinginevyo, na kila namba huchukua baiti nne. Jumla ni kama gigabaiti 3.1 kwa modeli moja. Programu yetu ilihifadhi majibu ya modeli zote tano kwanza, kisha ndiyo ikayatafutia wastani. Hizo ni gigabaiti 15.7, na ukiongeza picha yenyewe, ambayo ni gigabaiti moja na kitu, umekwisha kuvuka 16. Picha ya vipande 700 ilihitaji kama 11 kwa majibu, ndiyo maana ilipita salama na kutupa imani ambayo haikustahili. Marekebisho yenyewe yalikuwa kuweka jumla moja inayoongezwa kila modeli inapomaliza, badala ya nakala tano.

Sasa tazama adhabu. Kwa upande wa Dice, sifuri mbili kati ya picha 80, katika wastani wa karibu 0.80, hupunguza 0.02. Hiyo peke yake inazidi faida yote tuliyoipata kwa kutumia modeli tano. Lakini umbali wa Hausdorff ndio uliotumaliza. Picha ya kiwiliwili kizima, yenye upana wa milimita 384 kila upande na urefu wa milimita 800, ina ulalo wa takribani milimita 967. Picha mbili za namna hiyo, zikigawanywa kwa 80, huongeza kama milimita 24 kwenye wastani, wakati timu zilizotutangulia zilitofautiana kwa milimita moja au mbili. Adhabu ya aina hii si uzushi wa shindano letu. Katika BraTS, ambako picha zina vokseli 240 kwa 240 kwa 155 za milimita moja, jibu lililokosekana limewahi kupewa umbali wa milimita 373, ambao ndio ulalo wa picha hiyo.

Tulipoona matokeo, mhandisi mmoja alisema kwamba kipimo hakikuwa cha haki, kwani timu iliyofanya vizuri kwenye picha 78 imeshushwa na mbili. Hoja yake si ya kupuuzwa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la Nature Communications, uliopitia mashindano 150 ya picha za kitabibu, ulionyesha kwamba nafasi za washindi hubadilika kwa urahisi kutegemea kipimo kilichochaguliwa, namna ya kujumlisha alama, na jinsi majibu yaliyokosekana yanavyoshughulikiwa. Laiti waandaaji wangepanga timu kwa kila picha kwanza, kisha kutafuta wastani wa nafasi hizo, picha mbili zilizofeli zingetupa nafasi ya mwisho katika hizo mbili tu, na tungeshuka kidogo.

Hata hivyo, nilipokaa na daktari kupitia suala hili, alisema jambo lililonifanya niiache hoja hiyo. Mgonjwa anayepigwa picha ya vipande elfu moja, kuanzia kifua hadi nyonga kwa vipande vyembamba, mara nyingi ni yule aliyeumia vibaya, au mwenye saratani ambayo madaktari wanahofia imekwisha kusambaa. Kontena letu halikufeli kwa bahati nasibu. Lilifeli kwa wale ambao picha zao zilikuwa kubwa, na zilikuwa kubwa kwa sababu hali zao zilikuwa nzito. Kanuni iliyohesabu sifuri ilikuwa inapima jambo la kweli kuhusu algoriti yetu, na kama picha hizo zingeachwa nje ya wastani, ubao ungetuonyesha kuwa bora kuliko tulivyo, kwa kuwaondoa wagonjwa hao kwenye hesabu.

Linaloniuma zaidi ni kwamba taarifa tulikuwa nayo. Hati ya maelezo ya data, ambayo ni tofauti na hati ya kanuni, ilisema kwamba picha za kupimia zinatoka katika vituo kadhaa vyenye itifaki tofauti, baadhi zikiwa za kiwiliwili kizima. Daktari alikuwa ameisoma hati hiyo na kwake maneno yale yalikuwa ya kawaida. Wahandisi walikuwa wamesoma sehemu ya kumbukumbu na muda katika hati ya kanuni. Hakuna aliyesoma zote mbili kwa pamoja na kuuliza picha ya kiwiliwili kizima ina vipande vingapi. Mratibu ndiye aliyepaswa kuwakalisha pamoja, na sikufanya hivyo. Linganisha na suala la vigezo vya hospitali: pale tulikuwa na shaka, tukauliza kwa maandishi, tukapata jibu ndani ya siku mbili. Kuhusu urefu wa picha hatukuwa na shaka yoyote, na kwa hiyo swali halikuandikwa.

Awamu ya mazoezi nayo ilitusaidia na kutupotosha kwa wakati mmoja. Ilifichua tatizo la mtandao, la ruhusa za kuandika na la mwelekeo, matatizo matatu ambayo lolote kati yake lingetupa sifuri nyingi mno katika awamu ya mwisho. Lakini picha zake tatu zilikuwa fupi, zote chini ya vipande 400, nasi tulianza kulichukulia kontena lililopita pale kuwa limekwisha kuthibitishwa. Tungeweza kutengeneza picha ya kujaribia sisi wenyewe kwa kuunganisha picha mbili kichwa kwa mguu hadi zifike vipande 1,200. Isingekuwa na maana yoyote ya kitabibu, na ingetuonyesha kasoro kwa muda usiozidi dakika kumi. Leo kila kontena letu hupitishwa kwenye picha kama hiyo, pamoja na nyingine ya vipande 30 tu na nyingine isiyo na ini kabisa, na tunarekodi kilele cha kumbukumbu kwa kila moja.

Kuna swali moja ambalo shindano lilifunga kwa jibu lake lakini halikulimaliza, nalo ni la vigezo vilivyofundishwa kwa picha za hospitali. Jibu la waandaaji lilikuwa sahihi kwa shindano. Nje ya shindano, vigezo hivyo vilikuwa bora, na vilipatikana kutokana na picha za wagonjwa ambao aina zao za uvimbe ni chache katika data za wazi. Hospitali ilikubali kuomba kibali kipya kitakachoruhusu vigezo, bila picha, kuwekwa hadharani chini ya leseni ya utafiti. Maombi yaliwasilishwa mwezi uliofuata. Kamati imerudisha maswali mawili: nani ataweza kuvipakua, na kuna uwezekano gani wa mtu mwenye ujuzi kurudisha sura ya picha ya mgonjwa kutoka kwenye vigezo hivyo. La kwanza ninaliandikia majibu mimi. La pili liko kwa mhandisi aliyevifundisha, ambaye ameanza kuvijaribu yeye mwenyewe, akitafuta kama picha yoyote ya mafunzo inaweza kuchomolewa humo.